Neno la Bwana Jumberi

Lifti ya jengo lile hula sarafu kwanza, ndipo ipande.
Nilipanda nayo kila Jumanne, Kutaisi, majira ya theluji chafu,
mkobani nina kadi arobaini za picha:
kikombe, mbwa, ufunguo, mwezi.

Bwana Jumberi aligeuza reli miaka thelathini na miwili,
treni hii Batumi, ile Tibilisi, hakukosea hata moja.
Kiharusi kikampitia kama mwizi mwenye haraka:
kikabeba majina ya wanawe, kikabeba tarakimu, matusi, sala,
kikaangusha neno moja mlangoni
kikakimbia.

Kitunguu.

Msinitafutie hapa fumbo la maganda na machozi.
Ni kitunguu tu. Lingeweza kuwa msumari, au Jumatano.

Nikimwonyesha kikombe: "Kitunguu."
Mbwa: "Kitunguu."
Mwezi, akanyamaza, akautazama sana,
akasema polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima:
"Kitunguu."
Nikaandika sifuri.
Fomu haina kisanduku cha namna alivyoutazama.

Lakini Tsiala, mkewe, hakuwa na fomu.
Alikuwa jikoni, ametupa mgongo, anakaanga,
na neno likitoka sebuleni alilidaka bila kugeuka.
Kitunguu kifupi, kilichokatwa mkia: funga dirisha.
Kitunguu kinachopanda: nani huyo mlangoni?
Kitunguu-kitunguu-kitunguu: Guladi anaiba kwenye nardi
(na kweli alikuwa anaiba).
Na kile cha usiku, kinachovutwa, guuu, hadi pumzi iishe,
"hicho," aliniambia akikung'uta kitambaa cha meza,
"hicho si chako wewe."

Nikamuuliza: Unajuaje?
Akafuta mikono.
"Ulimi hauna mfupa. Shingo inao. Mimi naangalia shingo."
Kisha akacheka, akashusha sauti:
"Nusu ya siku sijui, binti yangu. Nachagua.
Nampelekea chai. Akiinywa, basi alisema chai."
"Na asipoinywa?"
"Tunaanza tena."
Akageuza kijiko, akakigeuza tena.
"Alipokuwa na maneno yote aliniambia mengi.
Sikuwahi kumwomba arudie."

Jumanne moja ya Machi niliwakuta wote wawili wamechoka kama waliopigana.
"Kitunguu," alisema. Akapewa chai. Akaisukuma.
Akafunikwa blanketi, akalivua.
Dirisha likafungwa, likafunguliwa, theluji ikaingia.
Ikaletwa picha ya Merabi, aendeshaye malori Polandi; akaibusu,
akairudisha, "Kitunguu," jasho likimtoka.
Tsiala akaitazama shingo, na shingo haikusema kitu.
Mimi nikatoa kadi zangu, Mungu anisamehe, zote arobaini.
Ndipo akainua mkono wa kushoto, ule mzima,
akaunyoosha kuelekea jikoni, juu ya ubao,
kando ya kisu,
palipokuwa na kitunguu.

Hatukucheka mara moja.
Tsiala alikikata mapande manne, akanyunyiza chumvi, akamega mkate.
Bwana Jumberi alitafuna kwa kishindo, akitutazama mmoja mmoja
kama mwalimu atazamavyo darasa lililochelewa kuelewa.
Nilitafuta kadi ya kitunguu nimpe alama moja.
Haikuwamo.

Chini, mtaani, nilimpigia mama, Zugdidi.
"U mzima?"
"Mzima."
Hapo ndipo hukata simu, siku zote; neno limefika, sahani imerudi kabatini.
Lakini mzima yupi? Wa afya?
Wa kuwa hai tu, kwamba jua limechwa na yeye bado yupo?
Au mzima asiyemeguka popote,
tangu baba aondoke na lile begi la kahawia?
Basi likapita, likanirushia maji ya barafu.
Nilibana simu sikioni nikitafuta shingo yake.

"Mama," nikasema. "Hebu rudia."